Nyonga ya Mama Chini ya Kawa

Mpaka leo nikiingia msikiti wa mtaani kwetu hapa Mji wa Kale nimebeba kitu, hata kiwe ni mkate tu, kuna wazee wawili watatu ambao hunitazama mikono kwanza ndipo waitikie salamu yangu, na wala siwalaumu, maana aibu ile sikuletewa na hasidi wala sikusingiziwa na mtu. Niliibeba mwenyewe begani, nikapita nayo mtaa mzima natabasamu, na kila aliyeniuliza nilimwambia leo kuna jambo. Nawahadithia nyinyi kwa kuwa ni rafiki zangu, na kwa kuwa mtaisikia tu kwa wengine, na hao wengine wameitia chumvi mpaka haifai.

Wakati huo, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Bondeni: misumari, bawaba, mabomba, mifuko ya saruji. Mtu akisimama nyuma ya kaunta ya duka kama lile miaka kumi na tano hufika mahali akaamini kwamba hakuna chuma duniani asichokijua. (Mke wangu Rukia husema mimi naweza kumfundisha sonara kazi yake, na nikamkasirikia asiponishukuru.) Ishikeni tabia hiyo, kwa sababu mkasa wote ulitoka hapo.

Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa na miaka sitini na nane na nyonga yake ya kulia ilikuwa imelika. Nyumba yetu ni ya ghorofa, ngazi zake ni za mbao, kumi na saba, nyembamba tena zimesimama wima, na kwa miezi saba Mama hakuwa ameshuka hata moja. Lililomuuma kuliko nyonga lilikuwa sinia la msikitini. Kwetu, mwezi wa Ramadhani, majumba hupokezana zamu ya kupeleka futari kwa watu wa msikitini, na zamu yetu ikifika Mama alikuwa akilichukua sinia mwenyewe, limefunikwa kwa kawa lake la ukindu, mpaka kizingitini, akalikabidhi huko. Hakumwamini mtu, alisema sisi wengine humwaga mchuzi njiani. Mwaka ule alikaa dirishani akiyatazama masinia ya wenziwe yakipita chini. Sijapata kumwona Mama akilia kwa maumivu, lakini jioni moja alilia, akatwambia ni vumbi.

Daktari wa mifupa alikwisha kuja kumwona nyumbani kabla ya mwezi kuandama. (Mhindi mmoja wa Kibohora, mpole, mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chake kinaushinda wangu.) Alimweleza vizuri kwamba atamtoa nyonga mbovu amtie ya kutengenezwa, na mambo yalikwenda sawa mpaka alipofika pale pa kusema, "Tutakikata hiki kichwa cha mfupa," Mama akashika mkongojo wake akasimama.

"Yaani mimi nikazikwe na msumari wa dukani kwa Abdalla?" akasema, akaingia chumbani kwake, na hakutaka kusikia tena habari ya daktari.

Basi nikaenda peke yangu, Jumamosi moja ya Ramadhani. Daktari akafungua kabati, akatoa nyonga mbili za kuonyeshea watu, ambazo haziingii mwilini mwa mtu, kila moja na kitako chake cha chuma kizito, akazipanga mezani pamoja na mfano wa mfupa wa paja, wa plastiki, rangi yake ya manjano kama mfupa wenyewe. Nyonga ya kwanza ilikuwa ya mtindo wa zamani: chuma kirefu kinachozama ndani ya paja, kichwa chake kidogo kimeshikana nacho kipande kimoja, na kikombe cha plastiki cha kukipokea kichwa hicho, na vyote viwili hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Ya pili ilikuwa mpya mpya: chuma chake kina uso wa chembechembe ukikigusa, hakitiwi saruji, mfupa wenyewe huota ukashikana nacho, na kichwa chake ni gololi kubwa inayong'aa, huchomolewa na kurudishwa, nayo ina kikombe chake.

"Mamako aogopa kwa sababu hajaviona," daktari akaniambia. "Nenda ukamuonyeshe, mzungumze taratibu. Lakini usivichanganye, kila kichwa na kikombe chake. Na Jumatatu asubuhi niwe navyo hapa, nami nimeazimwa."

Nilimuuliza ipi bora, akasema inategemea mfupa wa mwenyewe, na kwa mfupa wa Mama yeye angependa ile ya saruji. Mimi nikaitikia kwa kichwa, kumbe moyoni nimeshamkatalia. Saruji! Saruji naiuza mimi, naijua inavyopasuka! Nikaamua pale pale kwamba mamangu atatiwa ile mpya isiyotaka saruji, na kwamba nitampangia maneno mazuri nimweleze baada ya futari, akiwa ameshiba na moyo umetulia.

Sasa hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo ulioniponza. Nilifika nyumbani baada ya alasiri, vitu vile vimo kikapuni, nikaogopa vitagongana vichubuke, nikaogopa na kuvichanganya, na zaidi nikaogopa Mama asivione kabla sijajitayarisha. Nikatazama huku na huku, nikaona sinia tupu. Nikatandika taulo safi juu yake, nikazipanga zile nyonga kama alivyozipanga daktari, mfupa wa plastiki katikati, nikafunika kwa kawa, nikaliweka juu ya meza iliyo karibu na ngazi. Nikamwambia Rukia, "Sinia la pale mezani usiliguse, nitamfunulia Mama mwenyewe." Nikaridhika, nikaenda zangu kulala kidogo. (Mfungaji na usingizi wa alasiri, mnajua wenyewe.)

Nilichosahau ni kwamba siku ile ilikuwa ndiyo zamu yetu, na kwamba masinia yetu na makawa yetu ni pacha, Mama aliyanunua mawili mawili, na kwamba nyumba nzima haina meza nyingine ya kuwekea sinia linalongoja kuteremshwa. Niliamshwa na Rukia, "Abdalla, jua lazama, sinia la msikitini liko mezani!" Nikakurupuka, nikavaa kanzu, nikafika, nikaona masinia mawili yamekaa bega kwa bega, na badala ya kufunua na kutazama (kazi ya nukta moja!) nikajiambia lililo zito ndilo la chakula. Nikayapima kwa mkono. Nikachukua lililo zito.

Njiani nilikutana na jirani akaniuliza leo Rukia katupikia nini, na kwa vile bega lilikuwa linaniuma kwa uzito, nikajibu kwa majivuno, "Leo kuna jambo, yakhe. Leo usile tende nyingi." Nikamwambia wa pili. Nikamwambia na wa tatu. Pale msikitini tulifungua kwa tende na maji, tukaswali magharibi, tukatoka barazani kula, kulikuwa na masinia matatu yametandikwa, na kwa sifa nilizozipiga letu likawekwa mbele ya imamu. Wengine wakahama kwenye masinia yao wakaja kujibana kwetu.

Imamu akakunja mkono wa kanzu, akasema bismillahi, akafunua.

Nawaambieni kweli, imamu mkono wake ulikuwa umekwisha kutoka, umekaribia kabisa kushika kikombe cha plastiki, ukasimama hapo hapo hewani. Kisha mtu mmoja nyuma yake akauona ule mfupa wa manjano, akapiga kelele, "Mfupa wa mtu!" na watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja, wengine bado wamekaa.

"Si mfupa!" nikasema. "Ni nyonga ya Mama!"

(Katika maneno yote ya Kiswahili, mimi nilichagua hayo.)

"Inna lillahi," mmoja akasema. "Bi Zuhura amefanywa nini?"

Nikaanza kueleza, na ule ujuaji wangu ukanipanda. Badala ya kuomba radhi na kufunika sinia, nikaingia kutoa darsa, kwamba hii ni ya saruji na hii si ya saruji, wakaniuliza saruji gani ndani ya mtu, nikasema maalumu, mmoja akauliza na kokoto je, watu wakaangua kicheko, nami nikakasirika, nikainyakua ile nyonga mpya niwaonyeshe inavyofanya kazi, na kwa ile pupa yangu gololi ikachomoka. Ikadunda sakafuni mara moja, ikaanza kubingirika. Ikapita katikati ya wazee, ikapita baina ya viatu, watu wazima wamevaa kanzu nyeupe wanaikimbilia kwa magoti, imamu mwenyewe anasema "Izuieni! Izuieni!", na mimi mbele ya wote natambaa huku nawaza Jumatatu nitamwambia nini daktari.

Ikasimama ilipogonga mguu wa kiti cha Mzee Athmani.

Mzee Athmani alikuwa karani bandarini, amestaafu, mtu wa maneno machache na kanzu iliyopigwa pasi. Miaka miwili sasa alikuwa akiswali kitini, na futari alikula kitini vile vile, sahani mkononi, hakai nasi chini kwenye sinia. Tulikuwa tukimsema. Mimi nilikuwa nikimsema kuliko wote, kwamba ofisi imemharibu, ameona sisi si watu wa kula naye. Na sasa niko mbele ya miguu yake nimepiga magoti.

"Iokote mwenyewe, Abdalla," akasema. "Mimi siwezi kuinama hivyo. Na leo n'takwambia kwa nini."

Akajipiga kofi dogo ubavuni, juu ya paja. "Ile nyingine pale, ile kipande kimoja. Ndiyo n'nayo mimi humu. Mwaka wa tatu huu waanza."

Tulijua sote kwamba miaka ile miwili nyuma alikwenda Bara Hindi kumwoza binti ya nduguye.

"Hakukuwa na harusi," akasema. "Mwaniuliza picha mpaka nimechoka kudanganya. N'liona haya. Mtu mzima kutiwa spea kama gari."

Imamu ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mapenzi, kisha Mzee Athmani mwenyewe, na masikio yangu yaliyokuwa yakiwaka moto yakaanza kupoa. Wakamzunguka. Waliokuwa wakiniuliza kokoto sasa wanauliza kwa adabu, na ikaonekana kwamba kila mmoja ana mtu nyumbani: huyu goti, yule mkewe hainuki kitini, huyu mamake amelazwa mwaka wa pili. Mimi nikang'ang'ania langu, nikamwambia Mzee kwamba Mama nitamtia ile mpya, kwa sababu mfupa hushikana nayo wenyewe.

"Haya," akasema. "Kule hospitali ya Bara Hindi, kitanda cha ubavuni mwangu kulikuwa na kijana katiwa hiyo. Nzuri, sikatai, yeye ana umri wa kuitumia. Lakini wiki sita alikuwa na magongo, haruhusiwi kuukanyaga mguu sawasawa, ati mpaka mfupa ushike. Mimi walin'simamisha siku ya pili. Sikuwa na haja ya miaka mingi, Abdalla. N'likuwa na haja ya kusimama."

Maneno hayo yaliniingia. Miaka kumi na tano nauza vifaa, na hata mara moja sikuwa nimemuuliza Mama yeye anataka nini.

Nikalifunika sinia langu, nikatoka mbio kufuata futari ya kweli, Mzee Athmani akasema atakuja nyuma taratibu. Nilipopanda ngazi nilimkuta Rukia ameshika kiuno. "Abdalla, huko wamekula nini?" Na Mama amekaa mezani, kawa la lile sinia la pili liko pembeni, na mbele yake viazi vya nazi, samaki wa kupaka na bakuli la kaimati.

"Wadhani sijui ulikuja na nini?" Mama akaniambia. "N'likisikia kikapu kikilia chuma ngazini. N'kakaa saa nzima najitia moyo. N'kasoma kila nikijuacho, n'kafumba macho, n'kafunua." Akanisukumia bakuli. "Kaimati."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, kwa sababu katika mahesabu yangu yote, taulo na kawa na maneno ya kumpangia, halikunijia kabisa wazo kwamba Mama ataamua kutazama mwenyewe. Nikaanza kumsimulia yaliyonipata, nikafika kwenye "nyonga ya Mama", akajifunika uso kwa leso, mabega yanacheza. Kisha akainua kidole tunyamaze.

Mtu alikuwa akipanda ngazi. Hatua zake zilikuwa sawa, mguu huu na mguu huu, hakuna inayoburuta na hakuna mlio wa mkongojo kwenye mbao. Mama midomo yake ilikuwa ikihesabu. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba.

"Hodi hapa," akasema Mzee Athmani.

"Karibu," Mama akajibu, na kabla hajamkaribisha kiti, kabla ya masalkheri wala habari za nyumbani (Mama yangu, mwenye kuamkua mpaka paka wa jirani!), akamuuliza, "Hizo ngazi zetu umezipandaje wewe?"

Akamweleza. Nikafunua sinia la nyonga, na safari hii Mama akavishika mwenyewe, kimoja kimoja, akaingiza kichwa kwenye kikombe akakizungusha, akapitisha kidole kwenye zile chembechembe. Akamuuliza Mzee aswalije, akasema kitini. Chooni je? Mzee akatazama chini kidogo, akasema ametengenezewa kiti chenye tundu, maana kuchutama hakumfai. Akamuuliza juu ya kukaa chini.

"Sikai chini."

"Na mbuzi je? Mbuzi ya kukunia nazi?"

"Mbuzi ndo uisahau kabisa, Bi Zuhura. Kile kikao cha chini vile chaweza kutoa kichwa mahali pake."

Nazi Mama alikuwa akizikuna mwenyewe tangu usichana, hakumpa mtu, na niliona kwamba hilo lilimgusa kuliko kisu cha daktari. Nikaogopa atasimama tena kama siku ile.

"Basi nazi zangu atakuna nani?" akauliza.

Mzee Athmani akanitazama. Rukia akanitazama. Mama akageuka, naye akanitazama.

"Hii ya saruji," Mama akasema, akaiweka taratibu juu ya taulo. "Ile mpya ukamwekee mkeo, akizeeka."

Futari ya kweli ilifika msikitini imepoa, na aibu yangu iliendelea kuzunguka kwa siku nyingi. Asubuhi ya pili walikuja wanawake watano wa mtaa wamejifunika buibui, nyuso za matanga, kwa kuwa wamesikia mguu wa Bi Zuhura umepelekwa msikitini kusomewa. Mama aliwapokea akicheka na kumweleza kila mmoja habari ya vile vikombe, na wawili kati yao wakaomba jina la daktari. Jumatatu nilivirudisha vyote, kila kichwa na kikombe chake. Daktari akainusa ile gololi, akaniuliza mbona ina harufu ya udi wa msikitini, nikasema ni hadithi ndefu. Mama alipasuliwa baada ya Idi. Siku ya pili wakamsimamisha, na alipokanyaga chini alinishika mkono kwa nguvu, akasema, "Nasikia sakafu."

Ramadhani iliyofuata zamu yetu ilipofika, mimi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi jikoni tangu adhuhuri, nazi nne, vidole vimekwanguka, na Mama yuko juu ya kiti chake kirefu ananiambia nimefika kwenye kifuu, nakuna weusi. Jua lilipokaribia kuzama nilimteremshia sinia, yeye akashuka mbele yangu ameshika ukuta, mguu huu na mguu huu. Chini mlangoni akageuka, akanyoosha mikono. Nikampa. Akalibeba mwenyewe taratibu mpaka kizingiti cha msikiti, imamu na Mzee Athmani wakasogea kulipokea, na mimi nikadhani sasa nimesamehewa.

"Subirini," Mama akasema. "Abdalla, funua."

Mbele ya baraza nzima nikafunua. Viazi, samaki, kaimati. Mama akatazama upande huu, akatazama upande huu, kama mtu wa forodhani, kisha akasema, "Haya, ni salama, kuleni," na kicheko kilichopigwa pale nadhani kilifika mpaka Bondeni.

Tangu hapo sifuniki kitu kwa kawa, na chuma nisichokiuza sikitolei maoni. Lakini jioni ile, baada ya kumrudisha Mama mlangoni, sikuingia msikitini mara moja. Nilisimama chini ya nyumba yetu nikasikiliza akipanda, nikahesabu naye kimoyomoyo, na nilipofika kumi na saba dirisha likafunguliwa.

"Abdalla!" akaita, mtaa mzima unasikia. "Kesho nazi ni tano!"